Bati la Asili

Saa nne asubuhi fundi wa bodi alimaliza kunyoosha madigadi ya mbele, bati la juu ya gurudumu, upande wa kushoto. Saa nane yalikuwa yamebonyea tena, palepale, kishimo cha ukubwa wa sinia dogo. Ilikuwa mara ya sita wiki ile. Alisonya, akachukua nyundo.

Mwenye gari, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa analirudisha gari la ujana wake katika hali ya kiwandani.

"Usiniletee bati jipya," alisema. "Gari likivishwa vya kuazima si gari tena."

Fundi hakutulia. Alishika kazi hii akaiacha, akashika ile. Hata usingizini kiganja chake kilipapasa godoro kikitafuta kishimo. Mwishowe mwalimu alikubali. Bati jipya likaja, fundi akalifunga saa tatu asubuhi. Kufika adhuhuri likabonyea lenyewe, taratibu, kama unga uliokandwa.

Mama yake fundi akaingia na chakula, akichechemea kama alivyochechemea tangu mwanawe akiwa darasa la kwanza, mama huyo alipogongwa na gari ambalo halikusimama. Akaegemea gari apumzike. Nyonga yake ikaingia kwenye kile kishimo, isibaki nafasi ya kupitisha kucha.

Fundi akatazama. Mwalimu, aliyekuwa amekuja kukagua kazi, naye akatazama.

"Siku ile mvua ilikuwa kubwa," mwalimu alisema. "Nilidhani ni mbuzi."

"Mbuzi mwenye mwavuli, Mwalimu?" mama aliuliza, bila kupandisha sauti.

Mwalimu aliangalia viatu vyake, kisha gari.

"Basi rudisha la zamani," alimwambia fundi. "Maadamu yote yanabonyea, heri la asili."

Fundi alilirudisha. Bolti ya mwisho ilimshinda. Akaweka spana chini.

"Mama, nimwambie nini huyu mtu?"

"Kaza bolti, mwanangu. Bati likichomoka barabarani litaumiza mwingine."

Akakaza. Mwalimu aliwasha gari, akawapungia mkono kwa adabu, akaondoka. Mama alimkumbusha mwanawe kwamba chakula kinapoa, lakini fundi alikuwa anazunguka karakana, akiokota vifaa na kuviweka palepale alipoviokota.

Mwezi uliofuata, kwenye maonyesho ya magari ya zamani, waamuzi walipitisha viganja juu ya kile kishimo, wakaitikia kwa vichwa kwamba bati ni la asili, wakampa mwalimu zawadi ya kwanza ya uaminifu.