Kiyoyozi Kilichomwogopa Fundi

Kiyoyozi chetu kilikuwa na tabia moja ya kishenzi: kilimwogopa fundi. Mchana kutwa kinatoa hewa vuguvugu, kinakoroma, kinazima. Fundi akipiga hodi tu, chumba kinageuka friji.

Nilikinunua kwa ajili ya mke wangu, Rehema, aliyekuwa na mimba ya miezi minane. Watoto wetu wawili wa mwanzo walizaliwa kwao Msimbati kabla ya wakati, barabara ya mchanga imejaa maji na daktari yuko mbali, na wote tuliwazika huko huko. Safari hii niliapa atazalia hapa Mtwara mjini, karibu na hospitali, hata kama itabidi nimfunge kamba kwenye nguzo ya kitanda. Lakini joto la masika lilimshinda. Miguu ilivimba, usingizi ukamkataa, na Jumatatu akaniambia kwa ile sauti yake ya upole ninayoiogopa kuliko ya ukali:

"Nassoro, hiki kidude kisipopoa mpaka Ijumaa, mimi naenda Msimbati. Kule kuna upepo."

Nikajua nani kamtia maneno. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa amekuja kumwangalia, na kila alichokitazama hapa mjini alikitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyechina. Sikuwa na ugomvi naye kwa sababu hatuongei. Ndivyo tulivyolelewa: mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na uani anakoshinda yeye mimi sikanyagi. Akiwa na neno na mimi, analiambia jiko. "We jiko, mkaa umekwisha," atasema kwa sauti, nami niliye sebuleni nainuka kwenda dukani.

Sasa kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi, kinachotupa nje joto la chumbani, fundi aliyetufungia alikiweka uani, chini ya dirisha letu, juu ya matofali. Tangu mama mkwe aje, sikuwa nimekitia machoni. Nilichokiona ni paka. Paka wa mtaa mzima walipanga foleni juu ya ukuta wa nyuma, na mimi kwa akili zangu nikadhani wamefuata ubaridi.

Nikamwita Eusebio, fundi kutoka Mahurunga, mtu mpana wa mabega na mchache wa maneno. Akapiga hodi mlango wa mbele kama mtu mwenye adabu, akakaribishwa, akapewa maji, akasubiri aitwe uani. Alipofika huko, kiyoyozi kilishaanza kupoza mpaka Rehema akaomba khanga ajifunike.

"Kizima, bosi," akasema.

Hajafika kona, kikazima. Nikamrudisha kesho yake, yakawa yale yale: hodi, maji, ubaridi. Hapo hasira zikanipanda. Nikamwambia usoni kuwa ana namna anakitegea ili nimwite tena.

"Bosi, mimi fundi, si mganga," alijibu. "Ningekuwa mganga ningeanza na wewe."

Nyuma ya pazia la uani Bi Mwanaisha akauliza, "Huyo fundi ntu wa wapi?" Eusebio akataja kijiji, akataja na ukoo wake. Mama mkwe akacheka kicheko ambacho sikujua kama anacho. Ukoo wa Eusebio na ukoo wake ni watani tangu enzi za mababu, kabla hata hawajavuka Ruvuma kuja upande huu.

"Nilisema nyumba inanuka nini," akasema. "Kumbe ntani kaingia."

"Nimefuata harufu ya kwenu, bibi," Eusebio akajibu, na fundi yule mchache wa maneno akageuka kasuku. Walitukanana mpaka maji ya chai yakapoa. Mimi nilikaa kwenye kochi kama mgeni ndani ya nyumba yangu.

Alhamisi chumba kilikuwa tanuri. Rehema alikuwa anakunja nguo zake kwenye begi, mimi nazikunjua, naye anazikunja tena. Nilitaka kumwambia naogopa. Nikamwambia begi ni dogo.

Ndipo tukasikia kelele uani, chini ya dirisha. Eusebio alikuwa amekuja, na mara hii hakupiga hodi. Mtani hapigi hodi kwa mtani wake. Alipita mlango wa nyuma, akamkuta Bi Mwanaisha hajajiandaa.

"Mwizi wewe, rudisha pweza wangu," mama mkwe alikuwa anasema.

"Sirudishi. Wa mtani haombwi. Bibi, ndiyo nini hii? Umekivisha kisanduku turubai, umekitundikia pweza na samaki wa ng'onda puani, kitapumulia wapi?"

"Mvua kila siku, jua liko wapi? Huku kunatoka upepo wa moto mzuri. Nimeufunika usiende kwa jirani."

"Na nikija mimi?"

"Nnaanua. Ngeni akipiga hodi utamwonyesha uchafu wa pweza? Mimi si nkeo."

Rehema aliziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtetemeka. Mimi sikucheka. Nilijiambia, naam, huyu mama anamkaanga mke wangu chumbani ili ampeleke Msimbati.

"Mtoto wako anachemka mle ndani," Eusebio akasema, "na wewe ndiye uliyekoka moto."

Bi Mwanaisha alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Sikujua. Wallahi sikujua. Hao pweza ni wa supu yake ya arobaini, akizaa. Yeye anataka kwenda kwetu, nimenkatalia kila siku. Nimezika wajukuu wawili kule, ntani wangu. Akazae hapa hapa, mimi nitakaa naye arobaini yote. Sasa atakula nini humu? Mumewe anajua kununua kuku wa barafu tu."

Nilikaa kitandani. Miezi yote ile tulikuwa tunaogopa kitu kimoja, nyumba moja, ukuta mmoja katikati, naye hakuwa na wa kumwambia ila jiko. Niliona haya, na nilimpenda yule mama kama ninavyompenda wangu aliyenizaa.

Eusebio aliondoka na pweza mmoja, akasema hayo ndiyo malipo, na kwamba mbele ya kisanduku pasisimame hata paka. Jioni, Bi Mwanaisha alipokwenda kwa jirani, nikakanyaga uani kwa mara ya kwanza tangu aje. Nikachomeka miti, nikafunga waya, nikajenga kichanja cha kuanikia pweza upande wa mbali, chini ya bati, ambako hewa ile ya moto ikifika hapo imeshatawanyika lakini bado inakausha. Nikarudi chumbani kabla hajaingia.

Kupitia dirisha nikasikia hatua zake zikisimama.

"We jiko," akasema kwa sauti, "hicho kichanja kimepinda. Lakini kwa arobaini kitatosha."

Nikakitazama kiyoyozi kilichokuwa kinapoza vizuri juu ya Rehema, aliyelala fofofo, begi tupu miguuni.

"We kiyoyozi," nikasema, "mwambie kesho nitakinyoosha."