Bibi Aliyekwanguliwa

Mtawala Aimeri alikijua Kilatini kuwashinda maaskofu wake, na hakuacha mtu asahau. Lakini siku binti yao Alaidis alipoletwa nyumbani mkono umevunjwa na mumewe, Guitard, ndipo mkewe, Ermesenda, alipoona elimu hiyo ina faida. Guitard alikuwa ameshatuma watu: anamtaka mkewe kabla ya Pasaka. Na safari hii asingeishia kwenye mkono.

Kanisa lilikataza watu wa damu moja kuoana mpaka kizazi cha saba. Ikionekana damu moja, ndoa inavunjwa. Aimeri akachora ukoo wiki nzima kwenye ngozi ya ndama, wanaume watupu, maana vitabu vyake havikuwaandika wanawake. Akatoka kapa. Ermesenda hakujua herufi hata moja, ila bibi zake wote alikuwa nao kichwani.

"Andika Rotrude," alimwambia. "Aliolewa mara tatu. Kwa mume wa kwanza akamzaa bibi yake Guitard. Kwa wa pili, bibi yangu mimi."

"Tumemnasa mshenzi yule!" Aimeri alicheka. "Na kwa wa tatu?"

Ermesenda alijua ataulizwa.

"Babu yako wewe, mume wangu."

Kalamu ikasimama. Askofu angemwapisha Ermesenda awataje waume wote watatu, na kwa hesabu hiyohiyo, wao wenyewe hawakuwa mume na mke. Ermesenda angefungiwa kwenye nyumba ya watawa, na wana wao wawili wangeitwa wana wa haramu, bila urithi.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu harusi. Hukuniuliza."

Aimeri, aliyewahi kumcharaza mwandishi viboko kwa kukosea herufi moja, alichukua kisu akalikwangua jina la Rotrude mpaka ngozi ikawa nyeupe.

"Alaidis atavumilia," alisema.

"Kumbe Kilatini chote kile ni cha kazi hii!" Ermesenda alimchukia hapo kuliko alivyomchukia Guitard.

Jumapili, mbele ya askofu na kanisa zima, alisimama akamtaja Rotrude na waume zake watatu. Askofu alihesabu kwa vidole, akarudia tena. Alaidis akawa huru. Kisha Ermesenda akaambiwa avue pete, na watawa wawili wakaja kumchukua.

Mlangoni walisimama wanawe. Mkubwa aligeuza uso. Mdogo alimshika mkono.

"Na sisi je, mama? Hatukuwa wanao?"

Ermesenda aliutoa mkono wake taratibu, akawafuata watawa.