Muyombo wa Mwenyekiti

Tangu Jumatatu Revocatus alikuwa hatulii. Anakaa, anainuka, anachungulia nje, anarudi kukaa, utadhani kuku anayetafuta pa kutaga. Mkewe Getruda alimwekea ugali na mlenda, akamega tonge mbili tu, akanawa.

"Baba Levina, una nini wewe? Kama unaumwa sema, twende zahanati."

"Siumwi."

"Basi tulia, unanipa kizunguzungu."

Atulie wapi, jamani? Mwenzenu alikuwa ameua mti, na mti wenyewe ulikuwa bado haujajua kwamba umekufa.

Ilikuwa hivi. Revocatus ni mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki, na ile sheria ya kukataza mizinga ya magome ni yeye aliyeipigania. Mti ukishavuliwa gome kuzunguka shina hauna maisha tena, na msitu wao ulikuwa umejaa vigogo vikavu vya namna hiyo. Alisimama mkutanoni, mishipa ya shingo imemtoka, akasema atakayechuna gome atoke kwenye kikundi, awe nani sijui. Watu wakampigia makofi, wakahamia mizinga ya mbao.

Halafu Jumatatu hiyo, akipita njia ya zamani ya wapagazi, ile inayokatiza msitu kuelekea Tabora mjini, akakuta kundi la nyuki limening'inia kwenye tawi la muyombo mkubwa, kundi la kujaza debe. Mfuga nyuki akiona kitu kama kile akili inamruka. Mzinga mtupu hana. Kwenda nyumbani na kurudi ni nusu siku, na nyuki waliotua hivyo hawamngoji mtu. Mvua zilikuwa zimekolea, maji yamepanda mitini, na gome wakati huo linabanduka lenyewe. Alijiambia ni mmoja tu, akachomoa panga. Akakata duara chini, duara juu usawa wa kichwa, akapasua katikati, gome likatoka zima kama soksi. Nyuki muda wote huo wako juu yake, kwenye tawi la mti uleule. Kabla ya saa sita mzinga ulikuwa umeshonwa, nyuki wameingia, umetundikwa ndani ndani ya msitu, na muyombo umebaki uchi kando ya njia, unachuruzika majimaji.

Hapo ndipo aibu ilipomshika. Akachota udongo wa kichuguu, akaukanda, akalisiliba shina lote. Ukiliona ungeapa ni mchwa wamepanda. Mchwa wa watu, hawana hili wala lile, wakabebeshwa kesi! Na kila siku alirudi kuziba palipopasuka, huku akiangalia majani juu. Yalikuwa ya kijani, mabichi kabisa, na hilo ndilo lililomtesa.

Alhamisi akaja Xavery, makamu wake, mtu wa haraka haraka.

"Mwenyekiti, ule muyombo wa njiani umevamiwa na mchwa. Jumapili baada ya misa naupitia na bomba, naupiga dawa."

"Dawa? Na nyuki je?"

"Nyuki gani? Pale hatuna mzinga."

"Subiri kwanza, Xavery."

"Nisubiri nini? Si wewe unayetuhubiria kila siku tutunze miti?"

Akaondoka anapiga mluzi. Kesho yake asubuhi Revocatus alipanda baiskeli hadi Isevya, huko mjini, kwa Bi Tufaha binti Salmini, mama wa Kiarabu anayeuza miche ya miembe na michungwa ya kupandikiza pale getini kwake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, kisu mkononi.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea asali?"

"Leo nimekuja kuuliza. Kuna mtu ameuchuna mti gome kuzunguka shina. Unaponyeka?"

"Mtu gani?"

"Ni rafiki yangu."

Bi Tufaha akamtazama mikono. "Na huyo rafiki yako naye ana udongo wa kichuguu kwenye kucha?"

Revocatus akaficha mikono mgongoni, mtu mzima na mvi zake.

"Wallahi nyie watu!" Bi Tufaha akaja juu. "Maji yanapanda kwa ndani ya mti, ndiyo maana unauona kijani. Chakula ndicho kinachoshuka na gome. Huko chini mizizi inakufa njaa sasa hivi tunavyozungumza."

"Nifanyeje, Bibi?"

Akamwelekeza. Akate fito za mti uleule, ndefu kuliko kidonda. Achomeke ncha moja chini na nyingine juu, ndani ya gome lililobaki zima, afunge kwa tyubu ya baiskeli, azibe kwa nta, ili chakula kipate pa kupita. "Ukiweka kumi zikashika tatu, mshukuru Mungu. Lakini mimi ni mtu wa miembe, muyombo sijaujaribu, nisikudanganye. Hutajua mpaka mvua za mwakani."

"Nikimaliza nausiliba tena?"

"Usilibe nini? Utazing'oa! Unaacha wazi, unakwenda kuzitazama kila siku."

"Watu wataona."

"Waone. Kwani umekuja kutafuta dawa ya mti au ya jina lako?"

Njia nzima ya kurudi Revocatus aliogopa, tusimfiche. Jina lake alilipenda. Angenyamaza tu, Xavery apige dawa yake, mti ukauke mwakani, lawama ziende kwa mchwa. Nani angejua? Alifika kwenye muyombo, akashuka kwenye baiskeli, akasimama. Kila Septemba, msitu mzima ukiwa mkavu, mti huu ulikuwa wa kwanza kuchanua, na nyuki wake walikula hapa. Miaka ishirini amekula asali yake, na hakuwahi kuumwagia hata kopo la maji. Akaona aibu kubwa kuliko ya Jumatatu, maana safari hii hakukuwa na mtu wa kumwogopa.

Jumamosi alikusanya tyubu na nta, na Jumapili hakwenda misa. Aliegemeza ngazi, akauosha udongo wote, akakata fito kumi. Watu walipotoka kanisani na kuanza kupita njia ile, wakamkuta ameshafunga saba, kidonda kiko wazi, cheupe, hakuna wa kuuliza ni cha nini. Xavery akafika na bomba lake mgongoni. Akaangalia mti. Akaangalia tena.

"Mwenyekiti, nani kafanya hivi?"

"Mimi. Jumatatu. Mzinga wenyewe uko kule ndani, nyuki wamo. Hakukuwa na mchwa, ni udongo wangu."

Watu wakaguna. Xavery uso ukamwiva. "Tulimfukuza Fikiri kwa gome kama hili! Mama yake alikupigia magoti, ukasema sheria ni sheria. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi na wewe umetoka. Leo hii."

"Nimetoka," alisema Revocatus, na mkono haukuacha kufunga. "Na kwa Fikiri nitakwenda mwenyewe."

Xavery alitegemea ubishi. Jua lilikuwa linapanda, na fito tatu zilizobaki zimeanza kusinyaa.

"Sasa kama umetoka, unahangaika nini tena hapa?"

"Nyinyi mmeshamalizana na mimi, Xavery. Huu bado."

"Na ukikauka?"

"Ukauke nikiwa nauangalia. Ncha hii ya juu siifikii vizuri, nishikie."

Xavery alihema kwa hasira. Kisha akavua bomba mgongoni, akaliweka mbali na mti, akapanda ngazi, akashika ufito.