Salamu Ambazo Hakupewa

Mahfoudha hakuwahi kufikisha neno baya kama lilivyosemwa. Unguja alikozaliwa, msuluhishi alikuwa na kazi mbili: kuyameza matusi njiani, na kufika na salamu ambazo hakupewa. Uongo wa kupatanisha watu haukuhesabiwa uongo. Bibi yake aliwapatanisha hivyo mahasimu wa mtaa mzima, na hakuna aliyemwuliza maneno hasa yalikuwaje.

Mwaka 1986 alikuwa mpiga taipu katika ofisi ya mifereji, Nizwa, Oman, mjane mwenye binti mmoja wa kusomesha. Mkubwa wake alikuwa mhandisi kutoka Wales, Idris Pritchard. Kwa jina hilo, ambalo pia ni la nabii, wazee wa kijiji jirani cha Birkat al Mauz walimkaribisha msikitini mara mbili kabla hawajajua kwamba mtu yule ni Mdruidi, mfuasi wa dini ya kale ya kwao iliyofufuliwa upya, inayoheshimu jua, maji na mti wa mwaloni. Mahfoudha hakujali. Yeye na dini yake, mzee na yake. Alimpendea Kiswahili chake, alichookota Tanga akichimba visima, na alimwonea huruma kwa macho yake, maana mtoto wa jicho alikuwa keshayafunika yote mawili.

Wadruidi wa Uingereza walikuwa wachache, na wachache hao walikuwa wamegawanyika makundi manne yasiyosemeshana. Idris alitamani jambo moja tu kabla hajafa: wawe na baraza moja la kuwasemea wote. Kwa kuwa alikaa mbali na hakuwa upande wa mtu, makundi yote yalikubali kuandikiana kupitia kwake. Barua zikija, Mahfoudha humsomea. Mzee husema la kupeleka kwa wengine, Mahfoudha hupiga taipu, naye mzee hutia sahihi bila kuona.

Lakini barua zenyewe, Mungu apishe mbali! Wa London waliwaita wa Wales "watoto wa juzi waliojifunga mashuka".

"Wapelekee kama ilivyo," Idris alisema kwa unyonge. "Wana haki ya kujua."

Mahfoudha akapiga: "Ndugu zetu vijana, ambao bidii yao inatufurahisha." Wa Wales wakajibu kwa upole, na palipobaki ukali akapaondoa. Mwaka mzima akawalisha asali watu asiowajua, hata mwezi wa Machi makundi yote manne yakaandika kwamba yanakubali baraza. Idris alilia mbele yake bila haya. Mahfoudha akaleta vileja, wakala na chai.

Siku ile ya Juni ambayo jua la kwao hukawia kuzama kuliko siku zote, wajumbe wakakutana. Kwa heshima, wakazisoma barua zote hadharani.

Habari ilifika Nizwa mwezi wa Julai. Mahfoudha aliifungua bahasha, akaanza kusoma, kisha akaishusha karatasi. Mkuu wa kundi la London alijisikia akiwasifu watu aliowatukana. Alisimama akayarudia matusi yake moja moja, na baraza likavunjika kabla ya chakula cha mchana. Makundi yote manne yalikubaliana jambo moja tu: Idris Pritchard ni mwongo, na jina lake lifutwe.

"Soma," Idris alisema.

Mahfoudha angeweza kuigeuza na hiyo. Mzee asingejua. Akaisoma mpaka mwisho, kisha akasema, "Mister Idris, ni mimi. Wallahi nilidhani nasuluhisha. Kwetu ndivyo tufanyavyo."

"Zote uligeuza?"

"Zote."

Idris aliweka mikono juu ya meza. Uso wake ulizeeka pale pale, na Mahfoudha alitamani angemfokea.

"Tia karatasi," alisema mwishowe. "Andika: Maneno niliyageuza mimi, hakuna mwingine aliyejua. Naomba radhi."

"Hapana, mzee wangu. Niache niandike jina langu."

"Wataandika kulalamika hapa ofisini, utafukuzwa kazi, na mtoto wako bado anasoma. Mimi nishafutwa." Akapapasa ukingo wa meza. "Safari hii piga kama ninavyosema, Bi Mahfoudha. Usiongeze hata salamu."

Alipiga huku machozi yakimdondokea mikononi. Siku aliyotaka kuandika ukweli mtupu ndiyo siku aliyokatazwa. Akamwongoza kidole mpaka mahali pa sahihi, mzee akatia.

"Umeandika nilivyosema?"

"Neno kwa neno," alijibu, na hilo lilikuwa kweli.