Ndoa ya Vizee Wawili

Dada yangu hupiga picha za arusi, nami hutunza kompyuta za studio yake. Kazi hii sikuisomea popote; nilijifunza kwa kuharibu. Yeye huniita Fundi Kesho, kwa kuwa sikati shauri mpaka nimelala nalo.

Kisanduku cha diski kinachohifadhi picha zetu zote kilipokaribia kujaa, nililala na shauri hadi likazoea kitanda. Njia za kupanga diski zilikuwa mbili. Moja hubana nafasi vizuri, ila siku ya kuongeza ni kama kubomoa nyumba. Nyingine ni kioo: diski hukaa mbili mbili, na kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye mwenzake. Unapoteza nusu ya nafasi, lakini ikijaa unaongeza jozi nyingine na maisha yanaendelea.

"Mchagua jembe si mkulima," dada alisema, kamera shingoni.

Nikachagua kioo. Hapo nilikuwa sahihi, na sifa zangu zikaishia hapo. Tulikuwa na diski mbili kuukuu, ndogo, na mbili mpya, kubwa. Ukioanisha kubwa na ndogo, kubwa hutumika kwa kiasi cha ndogo tu. Ubahili wangu ukakataa. Nikaweka vizee pamoja na vijana pamoja, kisha nikarudi nyuma hatua chache kuutazama uzuri wa kazi yangu.

Haikupita miezi mingi kizee kimoja kikagonga, tak, tak, kikanyamaza.

"Si yupo mwenzake?" dada akauliza.

"Yupo. Ila walinunuliwa pamoja, wamechoka pamoja. Naye akienda, kisanduku chote kimekwenda, maana picha zimetawanywa kwenye jozi zote."

"Yaani umewafungisha ndoa vizee wawili! Mmoja akianguka, nani atamwinua mwenziwe?"

"Nitaweka diski mpya, huyu aliyebaki ainakilie kila kitu. Ni kazi ya kutwa nzima."

"Mzee huyohuyo ndiye unayetaka kumkimbiza kutwa nzima?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

"Na picha za yule muuguzi?" Sauti yake ilishuka. Baba wa muuguzi alifariki wiki chache baada ya arusi ya bintiye, na binti huyo angekuja kesho yake kuchagua picha. "Nakala nyingine iko wapi, mdogo wangu?"

"Kioo ndicho nakala," nikasema, na nikausikia upumbavu wangu ukitoka kinywani umevaa tai.

Utaratibu wangu ulitaka kioo kitengenezwe kwanza. Kwa mara ya kwanza niliamua bila kulala: nikazihamisha picha za muuguzi kwenye diski ya mkononi, ndipo nikaanza kunakili. Kizee kilijikongoja mpaka alasiri, kikakata roho, kikaondoka na arusi nyingine zote tulizowahi kupiga picha.

Dada hakunigombeza. Alikaa kwenye stuli akifuta lenzi iliyokuwa safi.

Kesho yake muuguzi alikaa mbele ya kompyuta na kumwona baba yake akicheza, koti limening'inia bega moja, viatu mkononi. Alicheka, akalia, akacheka tena.

"Ahsante kwa kunitunzia," akamwambia dada.

"Mshukuru mdogo wangu," dada akajibu kwa upole. "Kwa kutunza, hana mfano."

Muuguzi akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikatikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu, huku masikio yakiniwaka moto.