Njia ya Jeneza

Jumamosi ile, kama Jumamosi iliyotangulia, Placide alifika peke yake. Alisimama juu ya kilima cha Cimpunda na beleshi lake, kando ya mifuko ya saruji iliyofunikwa turubai, akangoja watu. Hawakuja. Chini yake njia ilikuwa ile ile: udongo mwekundu, mteremko mkali, maji ya mvua yakishuka katikati kana kwamba ndiyo yenye njia.

Saruji ilitolewa na wazungu wa mradi mmoja. Walikuwa wameupa mtaa msaada: ngazi za mawe kutoka barabarani mpaka kwenye chemchemi, na pale chemchemi kiwanja kidogo chenye miti na viti, watoto wachezee, wazee wapumzike. Sharti lao moja tu: vifaa vyetu, mikono yenu. Wakirudi wakakuta hakuna kilichoanza, kila kitu kinahamishiwa kijiji cha Miti, ambako watu waliomba pia.

Kwa wengine ngazi zilikuwa ngazi. Kwa Placide zilikuwa mke wake. Euphrasie aliteleza kwenye njia ile na beseni la samaki wa sambaza kichwani, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya. Ndani ya nyumba alitembea kwa fimbo. Mteremko ulimshinda. Hakuona tena soko, wala kanisa, wala barabara. Siku moja Placide alimbeba mgongoni, wakaanguka wote wawili, na tangu hapo mama yule alikataa kubebwa. "Mimi haiko mufuko ya muhogo," alisema.

Chifu wa mtaa, Sumaili, alifika akihema ndani ya suti yake ya abacost.

"Batu biko wapi, citoyen?"

"Uliwaita namna gani, Chef?"

"Nilipiga filimbi. Nikasema salongo, kila mutu na jembe yake. Hata bazungu waliandika pale."

Placide akakitazama kibao cha mradi kando ya mifuko. SALONGO, herufi kubwa za kijani. Wazungu walikuwa wameambiwa kwamba ni neno la hapa la kushirikiana, likawapendeza. Hakuna aliyewaeleza kwamba salongo ni askari mlangoni Jumamosi asubuhi, ni kufyeka majani ya ofisi za wakubwa, na asiyefika anatozwa faini. Mtu wa Cimpunda akisikia neno lile, anaingia chini ya kitanda.

"Ile neno itatuharibia kazi, Chef."

"Ile njo neno ya Serikali. Unataka nibaite kwa fête ya arusi?"

Placide akaliweka beleshi begani. Alikuwa amechoka. Juma zima alikuwa amewajengea watu wengine kuta, na sasa hata kubishana kulimlemea kama tofali. Akashuka polepole mpaka kwa jirani yake Télesphore, fundi viatu. Mke wa fundi, Séraphine, alisimama mlangoni kabla hajabisha hodi.

"Papa Télesphore haiko. Alienda Kavumu."

"Kavumu yake inakohoa chini ya kitanda, maman."

Sauti ikatoka ndani: "Placide, tuache! Ile salongo ingine nilikata majani kwa mukubwa mupaka mangaribi, hata maji ya kunywa hawakunipatia."

"Sikuye juu ya salongo. Nakuya kuomba mutengeneze njia ya jeneza."

Télesphore akatoka, vumbi nyweleni.

"Nani amekufa?"

"Hakuna bado. Lakini Euphrasie atanifia mule ndani, na ile siku mutakuya wote. Mutachimba, mutapanga mawe, jeneza isianguke. Kwa mufu hamuulizi nani anaita. Basi mukuye sasa, angali anapumua."

Séraphine akajishika kichwa. "Yesu wangu! Unamuitia bibi yako kifo?"

"Naita njia."

Habari ilikimbia kuliko filimbi ya chifu. Kabla ya jua kusimama utosini, watu walikuwa wakishuka na majembe, wakimtukana. Mchawi. Mwanaume gani anapima jeneza la mtu aliye hai? Lakini walichimba. Wanawake walileta mawe vichwani, na mmoja akaweka sufuria ya maharagwe motoni, kama kwenye matanga. Télesphore aliking'oa kibao cha salongo, akakilaza chini, wakachanganyia saruji juu yake. Mvua ilinyesha, hawakuondoka. Jumamosi zilizofuata walirudi bila kuitwa, wakamaliza ngazi, wakapanda miti chemchemini. Wazungu walipokuja walipiga picha, wakaisifu sana salongo.

Euphrasie hakumsemesha mumewe muda wote huo. Siku ile ya kwanza Séraphine alikuwa ameingia kwake, akamkumbatia, akalia kama msibani.

Kazi ilipoisha Placide alivaa shati safi, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Twende, Maman Honoré. Ngazi iko tayari."

"Ile ni njia ya jeneza. Ulibaambia wewe mwenyewe."

"Nilitafuta neno ya kuwatosha chini ya kitanda."

"Neno ya kuwatosha bao ulipata. Yangu iko wapi?"

Placide alikaa kizingitini, mikono magotini.

Mwishowe Euphrasie alichukua fimbo, akajikokota hadi ngazi ya kwanza. Watu waliokuwa wakipanda walisimama. Wanaume walivua kofia, pengine bila kujua, na mwanamke mmoja akasema, "Pole, maman." Euphrasie akawatazama, mmoja baada ya mwingine, akageuka, akarudi ndani.

"Kesho nitapanda," alisema, amempa mumewe mgongo. "Mapema, mbele batu hawajaamuka. Na wewe usinifuate."

"Utaanguka."

"Nikianguka, njia ya jeneza si uliisha itayarisha?"

Alfajiri Placide alikuwa macho kitandani. Alisikia mlango, kisha fimbo ikigonga jiwe. Ikasimama. Ikagonga tena, juu kidogo. Miguu yake ilitaka kutoka, akaikaza chini ya blanketi. Fimbo ilipanda, ikapumzika, ikapanda, mpaka mlio wake ukapotelea huko barabarani, na yeye akabaki amelala, akiitazama dari.