Kikombe cha Tatu

Alhamisi alasiri, mjini Hufuf, mama yao Zakia na Masuma alipanga vikombe vya kahawa kwenye sinia: kumi na viwili vya watu, vitatu vya bibi. Viwili vilikuwa vya mabibi wa binti zake. Cha tatu hakusema ni cha nani.

Bibi alikufa zamani, kabla ya barabara kufika kwenye mitende. Huyo huyo mmoja bado hukaa karibu na huyu na, wakati huo huo, karibu na yule, na baibui lake lililoungua pindo. Kuwa naye si ugonjwa. Wazee husema ndiye aliyewakinga watu na homa ya chemchemi. Mzazi aliye naye humpa mtoto, au hampi, bahati tu. Taabu ni kupata wawili. Mjomba Ridha alipewa mmoja na baba, mmoja na mama. Wamembana kushoto na kulia tangu utotoni, na baridi ikiingia mifupa humuuma mpaka apelekwe hospitali. Nao hupanda gari.

Shangazi Sakina, asiyekosa harusi, amewahesabu kwa miaka arobaini. Katika kila watu wanne, mmoja ana bibi. Watu wanazaa, wanakufa, wanahamia Dammam, hesabu haisogei.

Siku hiyo Um Habib alikuja kumposea mwanawe Jawad, na Jawad angeingia kidogo kumwona Masuma, kama ilivyo desturi. Karatasi ya kliniki, ya vipimo vya damu kabla ya ndoa, ingetoka Jumapili, lakini sebule haikujaa kwa ajili ya karatasi. Masuma alimtaka Jawad. Hata hivyo alishamwambia dada yake kwamba kijana akiingia na bibi, atakataa mwenyewe. Hatazaa mtoto wa kubanwa kama mjomba.

Jawad aliingia, akasalimu, akakaa. Mlango ukafungwa. Hakuna aliyemfuata.

"Basi, kiti kimoja kimetosha," alisema shangazi Sakina, na sebule nzima ikashusha pumzi. Mama alikwenda jikoni, akalia kidogo, akarudi na tende.

"Usimkodolee macho hivyo, utammaliza," Zakia alimnong'oneza mdogo wake huku akimfinya mkono. Masuma alicheka hadi juisi ikamwagika.

Jawad alipotoka, Um Habib alisema, "Tunamchukua hivyo hivyo na bibi yake. Mwanangu ana moyo. Wengine wasingekubali."

Miaka miwili nyuma alikuja kumposa Zakia kwa ajili ya mwanawe mkubwa, Habib. Habib aliingia mlango huo huo na bibi kamshika kiwiko, na kwa kuwa Zakia naye anaye, posa ikavunjwa. Habib alioa baada ya miezi mitatu. Mtaani ikabaki kwamba Zakia ana bibi, na hakuna aliyekuja tena.

"Na Habib, bibi yake hajambo?" aliuliza shangazi.

"Bibi gani, Sakina? Kwetu hatuna mambo hayo," alijibu Um Habib, akisogea kidogo ili bibi aliyekaa ubavuni mwake afikie tende.

Wote waliona. Mama alisifia tende za mwaka huu.

Zakia akapita na birika. Anayetosheka hutikisa kikombe, na mmoja mmoja wageni wakatikisa, Um Habib wa mwisho, wakavaa mabaibui huku wakipanga siku ya harusi. Mabibi watatu walinyoosha vyao bila kutikisa, kama siku zote. Zakia aliwamiminia, akianza na wa Um Habib, kwa kuwa ndiye mgeni.